Volti Moja na Nusu

Feni ya kompyuta ikipandisha mlio, mimi hutoka nje ya kibanda. Wateja wanadhani nakwenda kuvuta sigara. Sivuti. Mlio ule ni wa mashine iliyokuwa ikitupulizia hewa kwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu, siku lilipotitia. Tumefukiwa mimi na mdogo wangu, na huko juu mashine inaunguruma vizuri tu, inasukuma hewa kwenye bomba lililokwisha kubanwa na mawe. Mimi nilitolewa nikiwa hai. Yeye walimtoa baadaye, hakuwa na haja ya hewa tena.

Aliyemuua ni mwenye duara. Jina lake silitaji, na siyo kwa heshima. Alituamuru tule nguzo, yaani tuchimbe yale mawe tuliyoyaacha yashikilie paa, kwa sababu yalikuwa na dhahabu. Tulimwambia paa linakoroma. Mchimbaji hugonga mwamba kwa mtaimbo. Jiwe zima hulia kama kengele, jiwe bovu hukoroma. Akatujibu, "Kama mnaogopa mawe, rudini mkachunge ng'ombe wa baba yenu." Leo anakaa benchi la mbele kanisani.

Mimi shule niliishia darasa la nne. Mgongo ulipokataa shimo, fundi mmoja wa Shinyanga mjini alinifundisha kompyuta, nikafungua kibanda hapa Kalangalala na binamu yangu, mtoto wa mjomba. Tunahariri video za harusi na misiba. Mashine yetu ni ya mtumba, filamu ndefu zilikuwa zinaichosha, ndipo fundi akanionyesha namna ya kuiongezea kasi kupita ile iliyotoka nayo kiwandani.

"Kwanza usafi," alisema. "Toa vumbi, paka grisi mpya juu ya prosesa, angalia feni inazunguka. Ongeza kasi kidogo, kisha itwishe kazi nzito, ukae uangalie joto. Ikitulia, ongeza tena kidogo. Ikiganda, rudi nyuma."

"Na umeme wake?"

"Kidogo sana, tena uwe na sababu. Kasi ikizidi itajizima, utaiwasha. Volti zikizidi, siku moja hutaiwasha."

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Ni kugonga paa huko. Unagonga, unasikiliza, ndipo unasogea. Yetu ilitulia kwenye volti moja na robo, nikaiacha hapo.

Binamu hakuridhika. Yeye alitokea kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Kule jiwe likiwa gumu unafungua mafuta, injini inapiga kelele, jiwe linakubali.

"Kaka, unaibembeleza kama mwali," alikuwa akinitania. "Ifungulie."

"Usiiguse."

"Haya, baba mkwe."

Sasa mama yetu, aliyeko Samuye, akashikwa na presha ya macho. Daktari alimwambia jicho moja limekwisha, la pili linafuata, halizuiliki. Akanipigia simu. Hakuomba dawa wala hospitali kubwa. Alisema, "Nataka nimwone mdogo wako akicheza, kabla sijafungwa giza."

Alikuwa anasema mkanda wa harusi ya mdogo wangu. Mahali pengine popote hayupo akitembea; picha zilizobaki amesimama wima kama mlingoti. Ule mkanda ulikuwa umeota ukungu. Niliupitisha kwenye kamera, ukaingia kwenye kompyuta salama, halafu kamera ikautafuna. Kwa hiyo mdogo wangu akawa amebaki humo ndani ya kompyuta tu.

Nilianza kuisafisha ile filamu, naitia mwanga, namkuza sura ili jicho la mama lililobaki limdake. Kazi hiyo prosesa huifanya kwa kujikokota, na umeme wa hapa ukikatika unaanza upya. Nilipokwenda Samuye kumchukua mama nilimwambia binamu aiache imalize yenyewe.

Tuliporudi nilimkuta anaipepea kompyuta kwa kipande cha boksi.

"Shikamoo, shangazi. Karibu, keti," akamwambia mama, akamvutia kiti cha plastiki. Mimi hakunitazama.

"Unapepea nini?"

"Iligoma kidogo, kaka. Nimeshaiweka sawa."

Nikamtoa nje, akanieleza. Alipandisha kasi, ikaganda. Badala ya kurudi nyuma akaongeza umeme. Ikaganda tena, akaongeza tena, mpaka volti moja na nusu. Hapo ikaonekana kutulia, naye akafurahi, akaihamishia filamu kwenye diski kubwa ili kupata nafasi. Aliihamisha. Hakuinakili. Prosesa iliyosukumwa namna ile haipigi kelele kama karasha. Inakosea hesabu kimyakimya, na kile inachokiandika kinaandikwa kikiwa kimeharibika.

"Nilitaka shangazi amwone mapema," akasema.

"Paa lilikoroma, wewe ukala nguzo."

"Kaka, hii ni kompyuta. Siyo duara."

Mimi sioni tofauti. Mwenye duara alimuua mara ya kwanza, binamu akamuua mara ya pili, na wote wawili walikuwa na haraka.

Nikarudisha namba zote kama zilivyotoka kiwandani, nikaifungua filamu. Ngoma ilisikika, na vigelegele, na mtu anamtania bwana harusi kwa Kisukuma. Lakini picha ilikuwa imevunjika viraba vya kijani na kijivu. Mkono wake ulitokea, ukameguka. Bega likatokea, nalo likameguka. Sura haikutokea kabisa.

Mama akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Yuko wapi?"

Binamu alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu.

"Huyo hapo katikati, mayu," nikasema. "Anacheza."

Alikaa akitazama. Viraba vilikuwa vinapanda na kushuka na ngoma.

"Amenenepa," akasema. "Huko aliko wanamlisha."

Binamu akaiachia fremu, akatoka. Mama akaniomba nirudie. Nikarudia. Vile viraba vikaja tena, polepole, na mama akavipungia mkono.