Bei ya Prosesa na Macho ya Mama Sein

Jumatano moja ya mwezi wa nne mwaka huu, mvua ikiwa imeanza, tulimzika mke wangu. Kwetu jina la aliyetangulia halitajwi ovyo, kwa hiyo nitamwita kwa jina la binti yetu: Mama Sein. Lakini mwanangu, si kifo ninachotaka kukueleza. Sukari ilimchukua, na sukari sikuileta mimi. Nataka kukueleza alichokipoteza kabla, ambacho ningeweza kukiwahi, nikangoja.

Mimi ni mfanyabiashara wa mifugo. Sikusoma sana. Nikiwa kijana, mjomba alinipeleka soko la ng'ombe na somo la kwanza likawa kungoja. Kiangazi kikikaza, watu huuza ng'ombe waliokonda kwa bei ya kutupa. Wewe nunua, peleka palipo na nyasi, ngoja mvua. Mwenye haraka ndiye humlisha aliyetulia. Kwa kungoja huko nilijenga hapa Kitengela, nikasomesha. Basi nikadhani najua kungoja kwa kila kitu.

Mama Sein alikuwa akienda kwao Isinya, akiwarekodi kwa simu mama yake na wazee wenzake wakitunga shanga na kueleza maana ya kila rangi. Alitaka kuziunganisha video hizo ziwe filamu moja. Kompyuta yetu ilikuwa ya mitumba, na kila akianza kuunganisha, inaganda. Wakati huohuo daktari kule Kajiado alikuwa amemwambia macho yanafifia, na hakuna ajuaye yatadumu muda gani.

"Baba Sein," akaniambia, "nataka niione ikiwa imeisha. Niione mwenyewe, si kuhadithiwa."

Nikaipeleka kompyuta kwa Halima, fundi mwenye duka karibu na stendi. Akaifungua, akapuliza vumbi.

"Mzee, prosesa, huu ubongo wa kompyuta, imechoka. Tukiibadilisha pamoja na hii bodi iliyoibeba, itakimbia."

Nikauliza bei. Nikauliza pia kama itashuka.

"Itashuka. Hizi hushuka mpya zikitoka."

"Basi nitangoja."

Akacheka. "Mzee, hii si ng'ombe! Ng'ombe ukimngoja ananenepa. Hii ukiingoja inazeeka kwa rafu yangu, na wewe unazeeka kwa nyumba yako."

"Wewe uko na maneno mengi kuliko bidhaa," nikamjibu, nikaenda zangu.

Kila wiki nilipita kwake kama mtu anayepita sokoni kutazama ndama. Bei ikashuka kweli. Unajua nilifanya nini? Nilisema kinachoshuka bado hakijafika chini, nikarudi nyumbani nikiwa na furaha. Pesa nilikuwa nazo, sitakudanganya.

"Imeshuka?" Mama Sein akauliza.

"Inashuka. Subira huvuta heri."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Hilo hukufundishwa sokoni?"

Tukacheka wote wawili. Mimi nilidhani ni utani.

Kisha bei ikageuka, ikapanda kupita ile ya kwanza. Nikangoja tena, kwa sababu sasa kununua kungekuwa kukubali kwamba nilikosea. Hapo, mwanangu, ilikuwa imeacha kuwa biashara. Ilikuwa kiburi.

Asubuhi moja Mama Sein alimimina chai nje ya kikombe. Siku hiyohiyo nilikwenda kwa Halima nikalipa alichotaja. Hakunicheka.

Kompyuta ikakimbia. Sein akakaa mbele yake, mama yake kando akisikiliza na kuelekeza: kata hapo, rudisha, acha hiyo. Alikuwa akiona mwanga tu. Siku filamu ilipoisha alinivuta nikae naye, akataka nimweleze.

"Mama yako ameshika mkufu," nikasema. "Wa shanga nyekundu."

"Nyekundu gani?"

Sikujua. Rangi za ng'ombe nazijua, kila moja na jina lake, lakini nyekundu za shanga sikuwahi kuzitazama.

"Nyekundu tu."

"Haya," akasema. "Endelea."

Mwanangu, ukitaka kungoja bei ishuke, ngoja. Si dhambi, na pesa haziokotwi. Lakini uliza kwanza ni nani anayekihitaji kile kitu, na yeye ana muda gani. Kama wewe una uwezo leo na yeye ana haja leo, nunua leo. Aliyekuuzia ghali utamsahau. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu simwoni akiondoka nyumbani.

Jumamosi iliyopita tuliipeleka filamu Isinya. Mimi kama mkwe nilikaa mbali kidogo, kwa heshima. Mama mkwe alitazama mpaka mwisho. Kisha akamwita Sein, akamtemea mate kidogo viganjani kama wazee wanavyobariki, akamwombea kwa Mungu, "Enkai ikupe macho ya kuona mbali, na miguu ya kufika mapema."

Wanawake wakaitikia, "Naai," kama mtu asemavyo amina.

Na wewe unayesoma, pokea nawe baraka hiyo. Ni kubwa, inatutosha sote.

Kisha mama mkwe akaomba filamu iwashwe tena, tukaiwasha.