Mtengeneza kadi wa Ndia Kuu aliyesingiziwa uganga

Saa mbili asubuhi, Maisara Shebwana anafunga utepe wa rangi ya maziwa kwenye kadi ya harusi. Simu yake inalia mara tatu kabla hajamaliza fundo moja. Anavaa miwani, anasoma kwa sauti.

“‘Bi Mganga, masharti yote nimefuata. Nimelala na ubani chini ya mto siku tatu. Mume hajarudi, na sasa napiga chafya. Naomba msaada.’”

Anavua miwani.

“Huyu ni wa Tanga,” anasema. “Nitamjibu nikimaliza utepe.”

Maisara, mwenye umri wa miaka 48, hajawahi kuwa mganga. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akichapa kadi za mialiko katika chumba kimoja cha ghorofani, barabara ya Ndia Kuu, Mji wa Kale, Mombasa, juu ya duka la vitambaa. Mwezi mzuri huhudumia harusi kumi na nne, na akishalipia chumba na karatasi hubakiwa na shilingi elfu arobaini hivi.

Wateja wengi humtumia majina ya maharusi kwa barua pepe. Majina ya kuandikwa kwa mkono hayataki. “Swafiya hugeuka Sofia,” anasema, “na vita huanza kabla ya nikahi.”

Mkasa wake ulianza Jumatatu moja ya mwezi wa Machi. Alifungua kompyuta akitarajia majina ya bwana harusi wa Majengo, akakuta barua elfu nne na mia mbili. Karibu zote zilikuwa zimerudishwa kwake: huyu hayupo, yule sanduku lake limejaa. Akafungua moja aone ni kitu gani hicho alichotuma.

“Mume amekuacha? Usilie,” barua ilisema. “Dawa ya mvuto kutoka pwani. Atarudi ndani ya siku tatu, akitambaa.”

Chini palikuwa na nambari ya simu ya kupokea pesa za ubani. Mtumaji, kwa mujibu wa barua hiyo, alikuwa yeye, kwa anwani ile ile inayochapwa nyuma ya kila kadi anayouza.

“Nikasoma mara mbili,” anasimulia. “Kisha nikajiuliza, mie ningekuwa na dawa hiyo, mbona wangu yuko Malindi na mke mwengine, mwaka wa tisa huu? Na hata kutambaa hajatambaa.”

Alibadilisha neno la siri. Kesho yake zikarudi barua elfu tatu. Akalibadilisha tena, akaweka refu mno, akalisahau, akashinda nusu siku akibisha kwenye sanduku lake mwenyewe. Barua hazikukoma.

Siku ya tatu alipanda tuktuk hadi Ganjoni kwa Oloo, fundi wa kompyuta aliyemfungulia anwani hiyo miaka sita iliyopita. Oloo alikagua kwa saa nzima.

“Mama, hakuna aliyeingia kwako,” akamwambia. “Mtu akiandika barua huko aliko, akatia jina lako nyuma ya bahasha, akaipeleka posta, wewe utabadilisha kufuli ya nyumba yako mara ngapi?”

“Sasa nifanye nini?”

“Kwanza, acha kufuli.”

Oloo alimweleza kwamba ipo njia ya kuitangazia mitambo ya barua kote ulimwenguni ni ipi tu yenye ruhusa ya kutuma kwa jina lake, ili mingine ikataliwe. Lakini ilibidi kampuni iliyomuuzia anwani isaidie, na kampuni hiyo ilichukua siku kumi na moja kupokea simu.

Siku hizo zilitosha. Nambari ya matapeli ilizimwa, na waliokwisha kutuma pesa wakamgeukia yeye. Wiki moja alihesabu watu sitini na watatu waliomwandikia. Wengine waliitafuta anwani mtandaoni, wakaliona duka, wakapanda ngazi. Walikuja na picha za waume. Mmoja alikuja na soksi.

“Nilimwambia, mama, hiyo soksi irudishe, mwenyewe ataihitaji,” anasema Maisara.

Kicheko kilimkauka siku aliyokuja Raihana, mama wa bibi harusi aliyekuwa ameagiza kadi mia nne. Raihana alisimama mlangoni. Alikaribishwa kiti, akasema hakai.

“Maisara, mie nakujua tangu tuko chuoni tukisoma juzuu,” Raihana alimwambia. “Lakini wakwe hawakujui. Barua hiyo imewafikia. Wanauliza kama mwanangu mume kampata kwa njia ya halali.”

“Na wewe umewajibuje?”

“Nimewajibu kwamba kadi nitachapisha kwengine.”

Alichukua karatasi yake ya majina yaliyopigwa chapa, akashuka. Maisara alijikaza mpaka aliposikia viatu vimefika chini. Kisha alilia huku akikata karatasi, akakata upande, akaharibu kadi hamsini. Mwezi huo alipata harusi tano tu.

Usiri, anasema, ndio uliokuwa ukimmaliza. Kila mtu alinong’ona, na hakuna aliyemuuliza. Basi akaamua kuutangaza mkasa wake kwa njia anayoijua. Alitoa karatasi yake bora, akachanganya wino wa dhahabu, akachapa kadi mia mbili:

“Ukoo wa marehemu Shebwana una furaha kuwaarifu kwamba binti yao Maisara si mganga, hajawahi kuwa mganga, na hajui aliko mume wa mtu yeyote. Barua mliyopokea ni ya matapeli. Msitume pesa. Kuifuta kwenu ndiko furaha yetu.”

Alizigawa kwa mkono, nyumba kwa nyumba, zikiwa ndani ya bahasha zenye utepe. Wale sitini na watatu aliwajibu mmoja mmoja kwa barua pepe, akianza kwa salamu na kuwauliza hali.

Katikati ya pilikapilika hizo ndipo alipopanda ngazi Katana, mpakuaji wa makontena kutoka upande wa Kibarani. Alisoma ile kadi ya dhahabu kuanzia mwanzo hadi mwisho, akaikunja.

“Nimeelewa, dada. Lakini je, mke hurudi?”

Maisara alimwambia aketi. Mkewe Katana, Mirriam, alikuwa amekwenda kwao Kaloleni miezi miwili nyuma na hakutaka kupokea simu zake. Maisara akauliza kosa. Katana akatazama dirishani. Baba mkwe alikuwa amefariki, na siku ya mazishi yeye aliaga kwamba yuko zamu bandarini. Shemeji yake, aliyetumwa mjini siku hiyo, akamwona Ganjoni, akitazama mpira.

“Basi nitakuchapia kadi ya kuomba radhi,” Maisara alimwambia. “Sema, niandike.”

“Andika, kutokana na sababu zisizoepukika…”

“Sababu gani hizo?”

“Si unajua.”

“Yeye pia ajua. Sema mpira.”

Walibishana karibu saa nzima. Mwisho kadi ilikuwa na mistari mitatu: Nilikuwa mpirani. Nilikudanganya siku ya kumzika baba yako. Nisamehe. Katana aliipeleka Kaloleni mwenyewe, na wiki mbili baadaye Mirriam akarudi.

Gazeti hili lilimpigia simu Mirriam kumuuliza kuhusu dawa.

“Dawa gani?” alijibu. “Alisema kweli, kwa mara ya kwanza tangu tuoane. Na pia shule zilikuwa zinafunguliwa.”

Katana naye alitangaza kwa wenzake kwamba dawa ya Mji wa Kale ni ya karatasi, na inafanya kazi. Wiki iliyofuata wanaume wanne walipanda ngazi.

Kwa upande wa mtandao, kazi ya Oloo ilishika. Barua zinazorudi zimepungua kutoka maelfu hadi kumi hivi kwa wiki, ingawa waliopokea zile za awali bado huandika. Oloo hakutaka malipo, aliomba kadi za ubatizo wa mwanawe.

Raihana pia alirudi, na safari hii alikaa. Kadi ya dhahabu ilikuwa imefika kwa wakwe, baba wa bwana harusi akaisoma mbele ya wageni, akacheka hadi akashika ubavu. Waliagiza zile mia nne, kwa wino ule ule.

“Aliniomba radhi kwa mdomo,” anasema Maisara. “Nikamwambia inatosha, yeye simtozi.”

Sasa ametenga rafu nzima ya kadi za radhi. Anaweka akiba akodi chumba cha chini, kwa sababu, anasema, mwenye kosa hana nguvu za kupanda ngazi. Anatumaini ifikapo mwakani ataziuza hadi Kilifi na Lamu.

Tunapoagana, mwanamume wa makamo aliyevaa shati la ofisini anaingia, anatoa salamu, anaulizia kadi hizo.

“Zipo ndogo na kubwa,” Maisara anamwambia. “Inategemea kosa.”

Mteja anafikiri kidogo.

“Hiyo kubwa,” anauliza, “ina kurasa ngapi?”