Sikio na Geji Tatu

Zamani fundi aliinamia injini akaisikiliza mpaka imweleze inapoumwa. Siku hizi anaichomeka waya, anasoma simu, kisha anakuambia ukanunue mpya. Nimekereza vyuma miaka arobaini na miwili. Nimeona gereji zikijaa watu wa kubadilisha na kuishiwa watu wa kutengeneza, na sioni haya kusema kwamba katika wote nilioshirikiana nao, fundi alikuwa mmoja tu. Tulimwita Sikio.

Hakuitwa hivyo kwa ukubwa wa masikio, ingawa nayo hayakuwa haba. Alikuwa na bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao. Ncha aliigusisha kwenye injini inayonguruma, mpini akaubana sikioni, akafumba macho kama mtu anayenong'onezwa umbea mtamu. "Silinda ya tatu," angesema, "vali ya kutolea moshi." Ukifungua, ni hiyo hiyo. Mke wake alilalamika kwamba mumewe anasikia beringi ikilia mtaa wa pili, lakini akiitwa kula hasikii.

Gari lake mwenyewe lilikuwa kuukuu, la milango miwili. Alilifungia tabo, ile feni ya kuisukumia injini hewa, akalishusha mpaka likalala chini kama paka anayenyemelea, na kila mwaka akalipeleka kwenye mashindano ya kupanda mlima. Kushinda hakushinda. Alikuwa wa tano, wa nne, na mara moja wa tatu. Kikombe cha siku hiyo alikitilia misumari. Kwenye dashibodi hapakuwa na geji ila ile ya mwendo, nayo ilikuwa imekufa.

"Geji ni za watu wasiolijua gari lao," alisema, nami nilimuunga mkono.

Kisha ukaja mwaka ule. Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa kona ya tatu ya mlima Sikio aliposhusha gia, na injini ikaanza kugonga. Ni sauti isiyo na siri: beringi imekosa oili, zima gari. Waliosimama wote waliisikia. Muuza maji aliisikia. Sikio peke yake hakuisikia. Alikanyaga mafuta kwa furaha zake zote, na kabla ya kona ya nne chuma kikatoboa ubavu wa injini, oili ikamwagika barabarani.

Alisema ni oili mbovu. Binti yake, aliyefanya kazi naye gereji ile ile na kurithi kila kitu chake pamoja na ukaidi, hakubisha. Alitumia miezi saba kuunda injini nyingine. Siku ilipowaka ndipo alipotoa masharti.

"Baba, nafunga rejeta ndogo ya kupoza oili, na geji tatu: presha ya oili, joto la oili, na nguvu ya tabo. Bila hivyo, mlimani huendi. Ufunguo unakaa kwangu."

"Gari la nani?"

"Lako. Injini yangu."

"Nimekuzaa mimi."

"Ndiyo maana nakujua."

Sikio alikuja karakana kwangu kushtaki. "Ndugu yangu, nimenyang'anywa ufunguo na mtoto niliyemfundisha kushika spana." Nikamwambia haki ni yake, na kwamba dunia imekwisha. Akauliza, "Nini?" Nikarudia. Akageuza shingo, akanipa sikio la kulia, akauliza tena. Mashine yangu ilikuwa imezimwa, na karakana ilikuwa kimya kabisa. Nikaanza kuelewa kwa nini binti hakubisha habari ya oili mbovu.

Nilikwenda kutazama kazi ile nikiwa nimejiandaa kukosoa, na nilitoka nikisifu, jambo ambalo si kawaida yangu. Rejeta ya oili aliifunga nyuma ya bampa, pale upepo unapoingia kwanza. Filta aliitoa, akaweka bamba lenye midomo miwili, akarudisha filta juu yake: mdomo mmoja unapeleka oili ya moto kwenye rejeta, wa pili unapokea iliyopoa. Mabomba aliyavisha mpira kila yalipopita karibu na chuma, yasisuguane. Matundu ya geji kwenye dashibodi aliyakata kwa tupa, taratibu, mpaka geji zikaingia kama vifungo kwenye shati. Baba mtu alikaa juu ya tairi, mikono kifuani, akitazama kwingine. Kila bolti ilipokazwa, alitazama kidogo.

Jumamosi asubuhi binti aliliendesha gari kwenye kilima cha nyuma ya gereji, akapanda na kushuka mara nne kwa nguvu zote. Alirudi anacheka.

"Njoo uone, Baba. Nyuzi themanini na nane. Oili imetulia kama maji ya kuoga."

Sikio hakwenda kwenye dashibodi. Alijilaza chini ya gari, akapeleka mgongo wa mkono karibu na bakuli la oili lililo chini ya injini, akautoa haraka.

"Geji yako inadanganya. Hii imepita mia na ishirini."

"Baba, geji ni mpya."

"Na mwongo mpya yupo. Nipe maji."

Alipewa kikombe. Akachovya vidole, akalirushia bakuli matone. Yalilia chwii, yakakauka hapo hapo. Akarusha tena, yakalia tena.

"Maji yanachemka kwa ngapi siku hizi?" aliuliza kutoka chini ya gari. "Au nayo yamebadilishwa?"

Binti alisimama na tabasamu lililosahaulika usoni. Akainama, akafuata mabomba kwa kidole, moja, kisha la pili, akafika kwenye sensa ya joto. Alikuwa ameifunga kwenye bomba linalorudi, baada ya rejeta, pale oili imekwisha kupoa.

"Loo," alisema. "Nimepima chai baada ya kuipuliza."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kando ya miguu ya baba yake. Huku chini gari nalo likaanza kutikisika, kwa maana Sikio alikuwa amelishika akicheka, na mimi ambaye sichekagi ovyo nikashika ukuta. Wangepanda mlima na geji ile, wangeiamini, na injini ya pili ingekwenda njia ya kwanza.

Kazi ya kurekebisha ilihitaji kiungo cha kuingiza sensa kwenye bakuli lenyewe. Dukani hakikuwepo. Nilikikereza mimi kwa shaba, mchana huo huo, na sitaki kusema zaidi ila kwamba hakikuvuja. Safari hii geji ikasema mia na ishirini na nne. Binti akakunja bati, akauelekeza upepo wote kwenye rejeta, na joto likashuka hadi mia na tano. Sikio akalala tena chini, akapima kwa mkono.

"Sasa inasema kweli," alisema. Alipojitoa alikaa pale pale sakafuni, akijifuta oili. "Mkono bado upo, mwanangu. Sikio ndilo limeondoka. Siku ile mlimani sikusikia kitu."

"Najua, Baba."

"Tangu lini?"

"Tangu Mama alipoacha kukuita kula, akawa anakuja kukushika bega."

Sikio akaacha kujifuta. "Mimi nikadhani ni mapenzi."

Binti akatoa ufunguo mfukoni, akampa. Sharti likabaki moja: yeye angekaa kiti cha pembeni na kutazama geji, baba atazame barabara. Kumpigia kelele kusingesaidia. Wakapatana kwamba pigo moja gotini ni kanyaga, mapigo mawili ni legeza.

Baada ya mashindano ya mwaka huo nilihamia mbali, kwa mwanangu, ambako mafundi wote wana simu na hakuna mwenye bisibisi ndefu. Kwa hiyo mara ya mwisho kuwaona ilikuwa palepale kona ya tatu. Gari lilikuja limelala upande, vumbi nyuma. Nikaona mkono wa binti ukipiga goti mara mbili. Sikio akalegeza, wakaikata kona. Pigo moja, akakanyaga. Aliponiona alitoa kichwa dirishani.

"Inasemaje?"

Nilisikiliza kwa makini, kama alivyonifundisha. Hakuna kilichogonga. Nikainua dole gumba, naye akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekwisha kusikia kabla yangu. Wakapita kona ya nne, na ya tano, na mlio wao ulikuwa safi mpaka ulipopotea.