Watoto wa Nyuma ya Kanisa

Kuna mambo mtu hutema mate kwanza ndipo ayasimulie. Hili ni mojawapo. Norah Nerima alikuwa jirani yangu katika mtaa wa Jericho, na hakuwahi kunisimulia kisa hiki bila kukunja uso.

Babake alikuwa karani wa reli. Norah mwenyewe alifundisha darasa la kwanza miaka kadhaa, kisha akarudi kusoma mpaka wakamwita Daktari. Angeweza kuhamia mitaa ya wakubwa, akakataa. Kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi watoto wa shule za msingi wanavyojifunza kusoma, na watoto wenyewe, alisema, wako huku. Basi ungemwona akikatiza sokoni na viatu vyake bapa, anakwenda kuketi nyuma ya darasa, kimya, mpaka kengele ilie. Akina mama wa mboga walimtania, "Daktari gani huyu asiye na sindano!"

Mwaka wa themanini na mbili alikuwa anamaliza utafiti wa miaka mitatu katika shule moja ya mtaani. Jina la shule silitaji, nisije nikauchafua mdomo. Darasa la tatu la shule hiyo lilisoma vizuri ajabu. Mwalimu akiuliza, mikono yote juu. Ripoti ilikuwa imeshapigwa chapa. Ikipita, mbinu za walimu wale zingeenezwa katika shule za mitaa yote ya Eastlands, na Norah angepata cheo alichokitafuta tangu usichana wake. Mwalimu mkuu, Bwana Maingi, alimkaribisha kila mara kwa chai na mandazi. Norah alikuwa na adabu zake: hakwenda shule ya mtu bila kupeleka habari mapema. Adabu hiyo ndiyo iliyomponza.

Ijumaa moja mtaro wa majitaka ulifurika mbele ya lango la shule. Norah akazunguka upande wa nyuma, penye kanisa. Akakuta watoto wameketi chini kando ya ukuta, jua linawachoma, wamevaa sare ya shule ileile.

"Mbona hamko darasani?"

Msichana mmoja, Wakiuru, akasimama kwa heshima. "Leo kuna mgeni, madam. Wa risachi, yule wa utafiti. Sisi tunakaa huku mpaka aende."

"Ninyi ni wa darasa gani?"

"La tatu. Sisi ni wale hatujui kusoma. Tutaaibisha mwalimu."

"Na huyo mgeni mnamjua?"

"Hatujawahi kumuona."

Hapo ndipo Norah alipoelewa. Miaka mitatu alikuwa akiandika sifa za darasa lililochujwa kama chai, na kila alipokuja, watoto hawa walikuwa wanatupwa nje kwa ajili yake.

Alipomwendea ofisini, Bwana Maingi hakuona haya hata chembe. Akamimina chai. "Aa, Daktari, usikasirike. Hata wewe wageni wakikuja kwako si unafagia nyumba kwanza?"

"Nafagia takataka, Bwana Maingi. Sifagii watoto."

Mkubwa wake wa kazi naye akamshauri asiharibu kazi nzuri kwa jambo dogo. Aongeze sentensi moja ya maelezo mwishoni mwa ripoti, yaishe. Sentensi moja! Mbwa yule. Nilichefukwa niliposikia, na mpaka leo nikimkumbuka chakula hakipiti. Norah aliiondoa ripoti nzima. Cheo kikaenda kwa bwana mmoja ambaye vumbi la Jericho hajawahi kulikanyaga, na wakamfanyia karamu.

Wiki iliyofuata Norah alirudi shuleni bila kumwarifu mtu. Alitaka kuanza upya, safari hii na darasa zima. Alifungua mlango somo likiwa katikati. Madawati yalikuwa yamejaa pomoni, na Wakiuru alikuwa safu ya mwisho, ameinamia kitabu. Norah akafurahi, akasema, "Hamjambo, watoto?"

Mwalimu alikuwa bado hajafungua mdomo. Hakuna aliyetoa amri. Wakiuru alimtazama mgeni, akafunga kitabu, akasimama. Wenzake wa safu ile wakasimama pia. Wakampita Norah mlangoni mmoja mmoja, wakimwambia, "Shikamoo, madam," wakatoka nje kuelekea kanisani.