Fundi Aliyebaki Chini

Jumatatu asubuhi nilipigiwa simu kwamba mzee jirani yetu amefariki. Kabla ya machozi ikanijia aibu, kwani alikuwa na ombi moja tu kwangu, nami nikaliweka kiporo mwaka mzima. Wasomaji wangu mnajua sipendi kuandika juu ya maiti, maana kila anayekufa Maskati hugeuka malaika gazetini. Huyu hakuwa malaika. Alikuwa fundi wa ndege aliyestaafu, mbishi, mkavu wa maneno, na chai yangu kila siku aliisema haina tangawizi.

Wakati wa vita vya kusini mwa nchi hii alikuwa kijana, ndio kwanza kaja kutoka Unguja. Ndege zililetwa vipande vipande ndani ya masanduku, na wao mafundi wakiziunga: mbawa, mkia, nyaya, injini. Kabla ya kwenda vitani, kila ndege ilirushwa kwa majaribio, na mafundi walikuwa na ada yao wenyewe, hakuna mkubwa aliyewaamrisha: aliyekaza skurubu ya mwisho hupanda kiti cha nyuma. "Ukijua utapanda, hukazi ovyo," aliniambia. Siku moja, ndege iko tayari na skurubu ya mwisho kaikaza yeye, akaletewa habari kwamba mkewe amejifungua mtoto wa kwanza. Rafiki yake akamwambia, "Nenda kamuone mwanao, ntapanda mimi." Akenda. Ndege ikaanguka baharini upande wa Yiti, rubani na yule rafiki wakafa wote wawili. Uchunguzi ulisema injini ilitoka na kasoro huko huko kiwandani, ambako ndege zilitolewa mbiombio kwa sababu ya vita. Mzee hakuipokea faraja hiyo hata siku moja. Mimi nikimsikiliza nilikuwa nikijiuliza, siku hizi nani anapanda alichokiunda? Tunatia saini, tunakwenda zetu nyumbani, na kitini wanakaa wengine.

Mwaka jana, mkewe ameshatangulia, alikuja kwangu. "Mwanangu, mjane wa rafiki yangu yu hai, anakaa Ansab. Nna neno la kumwomba radhi. Siwezi kwenda peke yangu kugonga mlango wa mwanamke. Nipeleke wewe, mwanamke mwenzake." Nikamwambia Ijumaa, inshallah. Ijumaa ile wakaja wageni, nyingine nikashughulika na safu hii, nyingine, niseme kweli, ilikuwa uvivu tu. Alinikumbusha mara tatu, na kila mara alikuwa keshavaa dishdasha iliyopigwa pasi. Kisha akanyamaza.

Juzi matangani, upande wa wanawake, aliingia bibi mmoja ameshikwa mkono na mjukuu wake. Nikamuuliza anamjuaje marehemu. "Mume wangu alipanda ndege badala yake," akasema. Nikamweleza, macho chini, kwamba mzee alitaka kuja kumwomba radhi, na aliyemchelewesha ni mimi.

"Nlimsamehe zamani, mwaka ule ule," bibi akasema. "Lakini mimi mwanamke, ntakwendaje kwa mume wa mtu kumwambia? Nlidhani anajua."

Nililia hapo mbele za watu, na nnalia ninapoandika. Mtu mzima akikuomba umpeleke mahali, inuka umpeleke siku ile ile. Kutoka kwetu mpaka Ansab ni dakika ishirini.