Kamba wa Nzilo Asiye na Jina

Bado sijatulia. Kwenye ofisi ya mabasi hapa Kolwezi, mtafiti mmoja wa kike aliacha kwenye kaunta kichupa cha alkoli. Ndani alielea kamba mdogo kuliko punje ya mchele, aliyemvua ziwani Nzilo, ili amtume kwa basi Lubumbashi akatambuliwe kama aina mpya. Alitoka kununua maji. Aliporudi, karani, mzee wa kanzu, alimkabidhi kichupa kitupu.

"Mama, pombe atubebake mu bisi. Niliimwanga inje, nikasukula na chupa, sasa iko safi."

Yule mtafiti akashika kichwa. "Tata, kale kakamba nilikuwa nako kamoja tu!"

Mzee akakimbilia nje, akapiga magoti mchangani. "Tukatafute! Kanaitwaka nani?"

"Kangali bila jina, tata."

Maisha yangu yote nawasha taa kwa umeme wa bwawa la Nzilo. Kamba huyo, jirani yangu wa ziwani, nimemjua alipokwisha kumwagwa.