Kigoda cha Kumpigia Mama

Nyaya za intaneti hazijafika mtaani kwetu, na jirani yangu mshonaji anatafuta ruta isiyomfilisi, amwone mjukuu wake aliye mbali bila sura kuganda. Kila wakala wa kampuni ya intaneti anayekuja kumuuzia humkalisha kwenye kigoda kando ya cherehani. Bei haulizi kwanza. Futikamba shingoni, husema kwa upande wa mdomo usio na pini: "Washa ruta yako, umpigie mama yako kwa video. Mimi sinunui kitambaa bila kukivuta." Mama wa wakala wa kwanza aliganda mdomo wazi, wa pili hakutokea kabisa. Jana, mama wa wakala wa tatu alitokea waziwazi, hata mvuke wa sufuria yake tuliuona.

Jirani akatema pini kiganjani, akasogea. "Hujambo, mwenzangu? Mwanao ananiuzia ruta. Ni nzuri?"

"Hiyo? Ilitushinda hiyo! Sisi hapa tuna ya kampuni nyingine."

Wakala akainama kutafuta kalamu iliyokuwa mfukoni mwake. Jirani alicheka mpaka futikamba ikadondoka.

"Niandikie hii hii, baba," akasema. "Umbea wote huo umefika bila kukatika hata neno."